Gari linalomtukana dereva

Siku hizi kabla ya kulala nawasomea wanangu Chitty-Chitty-Bang-Bang ya Ian Fleming, ndiyo, yule yule wa James Bond. Kitabu kilitoka 1964, muda mfupi baada ya kifo chake. Chetu ni cha Kiingereza, nawatafsiria papo hapo.

Familia ya Pott inanunua gari bovu lililokuwa linangoja kwenda kwenye vyuma chakavu, baba analifufua. Siku moja wamekwama kwenye foleni ya kwenda pwani (hapo mtu wa Dar haelezwi kitu), kitufe kinawaka maandishi: VUTA. Baba anasitasita. Maandishi yanabadilika: VUTA, MJINGA WEWE! Hapo wanangu hoi kwa kicheko. Gari linaota mabawa, linawatua kwenye fungu la mchanga baharini, na maji yakijaa linageuka boti mpaka Ufaransa.

Nampenda Mama Pott: hakuachwa nyumbani, naye yumo garini. Majambazi wa Paris wamenichosha kidogo. Wanateka watoto ili waibe duka la chokoleti! Kitindamimba wangu akauliza, “Mama, benki hakuna?”

Mwishoni kuna maelekezo ya kupika peremende za duka hilo. Sukari yangu imeanza kuhesabiwa.