Nilivyopunguza foleni mashineni kwetu Uyole

Julai hapa Uyole baridi inauma, na ndipo mahindi mapya yanapomiminika mashineni. Nina vinu viwili, cha kukoboa na cha kusaga. Sheria ilikuwa moja: aliyewahi anahudumiwa kwanza, na niliamini ndiyo haki yenyewe.

Asubuhi moja mama mmoja alikaa juu ya ndoo, mtoto mgongoni, akisubiri debe moja la dona. "Mwanangu, mbona hicho kimelala?" Alikuwa anaonyesha kinu cha kusaga. Kweli, mota ilikuwa imezimwa. Tulikuwa tunasubiri gunia la sembe la debe sita, lililomtangulia, limalize kukobolewa.

Usiku nikafungua daftari. Kwetu debe moja linakobolewa dakika 4 na kusagwa dakika 6. Kwa hiyo gunia lile ni dakika 24 na 36. Mwenyewe anaondoka dakika ya 60, mama dakika ya 66. Lakini dona haikobolewi! Ningemsagia mama palepale angeondoka dakika ya 6, na mwenye gunia angeondoka dakika ileile ya 60. Nilirudia hesabu mara tatu. Mama wa watu alikaa saa nzima kwenye baridi bila faida ya mtu yeyote.

Mdogo wangu aliyeko chuo akanifundisha kanuni ya Johnson ya mwaka 1954, ya kupanga kazi zinazopita mashine mbili ili zote ziishe mapema. Pale ambapo mashine ya kwanza ndiyo yenye kasi, kama kwetu, unaanza na mzigo unaokaa muda mfupi zaidi kwenye hiyo ya kwanza. Basi dona kwanza, halafu sembe, viroba vidogo kabla ya magunia.

Ila kanuni hiyo inahesabu mizigo yote kana kwamba imeshafika. Kwangu watu wanaingia kutwa. Mzee mmoja wa magunia matatu alipitwa na viroba hadi saa nane mchana, akaniuliza, "Kijana, mimi sina haki?" Nilimwomba radhi. Tangu hapo mzigo uliosubiri saa mbili unapita mbele ya wote.

Jambo lingine lililonisaidia ni kanuni ya Little, iliyothibitishwa mwaka 1961: idadi ya wanaosubiri, gawanya kwa wanaohudumiwa kwa saa, unapata wastani wa muda wa kusubiri. Wakiwa 20 nasi tunahudumia 8 kwa saa, ni saa mbili na nusu. Sasa namwambia mtu hivyo mlangoni. Anaacha kiroba chenye jina lake, anakwenda sokoni kununua mboga, na akirudi anakuta unga wake bado una joto.