Kuifuata Sello ya Pili

Kwa karibu miaka miwili niliamini kwamba ninaifahamu vizuri kwinteti ya nyuzi, yaani utunzi wa ala tano, ya mtunzi Franz Schubert katika C meja, hadi usiku mmoja spika ya sikio la kushoto ilipokufa katikati ya sehemu ya pili. Nilikuwa nimeshazima taa na kulala, na kwa kuwa sikutaka kuinuka, niliendelea kusikiliza kwa sikio moja. Katika rekodi niliyokuwa nayo fidla zimewekwa kushoto na sello zote mbili, ala za nyuzi zenye sauti nzito, kulia, kwa hiyo lahani ya fidla ya kwanza, ambayo ndiyo niliyozoea kuiandama, ilififia mpaka ikawa kana kwamba inatoka chumba cha pili. Badala yake nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuitilia maanani hata mara moja: mtu akizidonoa nyuzi za sello kwa kidole, noti moja moja, chini kabisa ya wenzake, bila haraka, kama anayepapasa ngazi gizani. Niliirudisha sehemu ile mwanzo nikaisikiliza tena nzima, kisha mara ya tatu, nikiifuata sello hiyo ya pili peke yake.

Sehemu hiyo, ambayo Schubert aliiandikia mwendo wa Adagio, yaani wa polepole, ni rahisi kueleza ilivyojengwa na ni vigumu kuizoea. Wapigaji watatu wa katikati, yaani fidla ya pili, viola (ndugu mkubwa wa fidla) na sello ya kwanza, wanashikilia lahani ndefu inayosogea polepole mno, kiasi kwamba mapigo yake yanakaribia kupotea. Juu yao fidla ya kwanza inatamka vijineno vifupi na kuviacha vikining'inia. Chini yao sello ya pili inadonoa, na bila madonoo hayo msikilizaji asingejua kwamba muda unapita. Halafu, bila onyo la maana, muziki unatoka E meja, ngazi ya noti yenye sauti angavu, na kuingia F maina, yenye sauti ya huzuni, sello ya pili inashika upinde na kuanza kunguruma, huku fidla ya kwanza na sello ya kwanza zikililia lahani moja, moja juu na nyingine chini. Dhoruba hiyo inapokwisha, utulivu wa mwanzo unarudi, lakini haurudi ulivyokuwa. Watatu wa katikati wanaimba yale yale, ilhali sello ya pili sasa inapitisha mikimbio ya noti ndogo ndogo chini yao, kwa sababu imeyaona yaliyotokea na haiwezi tena kutembea kwa hatua zile za awali. Kwangu mimi ukubwa wa Schubert uko hapo: kumbukumbu ya dhoruba hakumpa mwimbaji mkuu, alimpa yule wa chini kabisa.

Kwinteti hii aliiandika mwaka 1828, na tarehe 19 Novemba ya mwaka huo huo akafariki Vienna akiwa na umri wa miaka 31. Mozart, alipotaka ala ya tano katika kwinteti zake za nyuzi, aliongeza viola. Schubert aliongeza sello, na uamuzi huo ndio uliomwezesha kuiachia sello moja iimbe huku nyingine ikibeba msingi. Utunzi huu haukupigwa mbele ya hadhara hadi mwaka 1850, na ulichapishwa mwaka 1853.

Tangu usiku ule nimekuwa mtu wa tungo za ala chache. Simfoni nazipenda pia, lakini katika okestra kubwa sikio kama langu, ambalo halikufunzwa muziki darasani, huchukuliwa na wimbi na kutupwa ufukweni bila kujua limepitia wapi. Katika utunzi wa wapigaji wanne au watano kila mmoja yuko peke yake kwenye mstari wake, hana mwenzake wa kujificha nyuma yake, na msikilizaji mwenye subira anaweza kumchagua mmoja na kumsindikiza hadi mwisho. Muziki wa namna hii ulitungwa kwa ajili ya vyumba vya watu, wapigaji wakitazamana usoni, na mara nyingi waliofurahi zaidi walikuwa wapigaji wenyewe. Siku hizi huchukua utunzi mmoja nikakaa nao wiki nzima, kila siku nikifuata sauti tofauti, nikianzia chini na kupanda juu.

Njia hiyo ilikwama nilipofika kwa Johann Sebastian Bach, kwa sababu katika Chaconne yake mpigaji ni mmoja tu. Chaconne ni sehemu ya tano na ya mwisho ya Partita (mfululizo wa sehemu za mitindo ya dansi) ya pili kwa fidla peke yake, katika D maina. Hati iliyoandikwa kwa mkono wa Bach mwenyewe ina mwaka 1720. Inachukua takriban robo saa, muda unaokaribia ule wa sehemu nne zilizotangulia zikijumlishwa. Fidla ina nyuzi nne, na upinde hauwezi kuzishikilia zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo mpigaji anayekuta noti nne zimepangwa pamoja hulazimika kuzivunja, aguse kwanza nyuzi za chini na kukimbilia za juu. Nilianza kuzisikiliza noti hizo za chini tu, zile zinazoguswa na kuachwa, na polepole nikaitambua besi, yaani mstari wa chini, inayozunguka kila baada ya vipimo vinne, zaidi ya mara 60, kila mara ikiwa imevaa vazi jingine. Mara nyingi Bach haiandiki yote. Anaigusa kwa noti moja na kuliachia sikio kazi ya kuishikilia mpaka atakapoigusa tena, na anayeisikiliza hivyo anajikuta amekuwa mmoja wa wapigaji.

Kuna mahali katika Chaconne ninapopasubiri kila mara. Baada ya muda mrefu wa maina, ambapo fidla imekimbia, imepasua na imepanda hadi karibu na ukomo wake, muziki unatua, na mara F iliyotawala tangu mwanzo inapanda nusu hatua, umbali mdogo kabisa kati ya noti mbili, na kuwa F shapu. Hapo tumeingia D meja. Mwendo haujabadilika, besi ni ile ile, wala mpigaji hahitaji kuongeza sauti. Hata hivyo kila ninaposikia badiliko hilo pumzi hunikata. Mbele kidogo zinakuja noti zinazorudiwa tatu tatu, kwa mbali, mfano wa tarumbeta za msafara ulio nyuma ya kilima, na ni fidla ile ile moja inayozitoa. D maina inaporudi, hairudi kwa kishindo, na huzuni yake kwangu ni nzito kuliko ile ya mwanzo, kwa sababu sasa ninajua kilichokuwa kinawezekana.

Wapo wanaosimulia kwamba Chaconne ni maombolezo ya Maria Barbara, mke wa kwanza wa Bach, aliyefariki mwaka 1720 wakati mumewe akiwa safarini pamoja na mwajiri wake, Leopold, mtawala wa Köthen. Miaka inalingana, lakini hakuna andiko la Bach linaloviunganisha viwili hivyo, nami naona utunzi huu unapunguzwa ukifanywa kuwa barua ya tanzia. Namwamini zaidi mtunzi Johannes Brahms, ambaye mwaka 1877 alimwandikia mpiga piano Clara Schumann kwamba katika mstari mmoja wa noti, kwa ala ndogo, mtu huyu ameandika ulimwengu mzima wa fikra na hisia nzito. Brahms aliipanga upya Chaconne kwa piano, na akaiandikia mkono wa kushoto peke yake, kwa kuwa hakutaka mpigaji wa piano apate kwa urahisi kile ambacho mpigaji wa fidla hukipata kwa jasho.

Kwateti (utunzi wa ala nne) ya Ludwig van Beethoven katika A maina, opus 132, yaani kazi yake namba 132, ndiyo ninayoikimbilia ninapougua au ninapouguza. Aliikamilisha mwaka 1825, baada ya kuugua tumbo vibaya sana katika majira ya kuchipua, na alipopata nafuu aliandika juu ya sehemu ya tatu kwamba huu ni wimbo mtakatifu wa shukrani kwa Mungu kutoka kwa aliyepona, katika modi ya Lidia. Modi hiyo, yaani mpangilio wa noti, ni ya kale na ilitumika katika nyimbo za kanisani: ukianzia F unapita kwenye B yenyewe badala ya B fleti, iliyoshushwa nusu hatua, na sikio lililozoea F meja linakaa likingojea kutua mahali ambapo muziki hautaki kutua. Ala nne zinaingia moja baada ya nyingine kwa sauti nyembamba, kisha zinaimba pamoja kama kwaya inayoimba kwa kunong'ona. Baadaye muziki unahamia D meja, na hapo Beethoven ameandika maneno yenye maana ya kuhisi nguvu mpya. Fidla zinarukaruka na kutetemesha noti kwa furaha ya mtu anayejaribu miguu yake. Lakini nguvu hiyo haikai. Inakuja mara mbili na kuondoka mara mbili, na kila shukrani inaporudi sauti zake zimesukwa kwa uzi mwembamba zaidi. Aliyewahi kulala kitandani kwa wiki nyingi anajua kwamba kupona ndivyo kulivyo. Mara nyingi hapa huifuata fidla ya pili, ambayo katika marudio ya mwisho inabeba mengi kwa upole mkubwa.

Brahms huyo huyo alikuwa amekusudia kuacha kutunga mwaka 1890. Mwaka uliofuata alimsikia Richard Mühlfeld akipiga klarineti huko Meiningen, na katika kiangazi cha mwaka huo huo akaandika kwinteti ya klarineti na nyuzi, opus 115. Ninachokipenda humo ni kwamba klarineti haisimami mbele ya nyuzi. Inaingia katikati yao, inatoweka ndani ya viola, inaibukia upande wa pili, na usipokuwa makini hujui ni nani aliyekuwa akiimba. Mwishoni kabisa lahani iliyofungua utunzi inarudi, ikiwa imechoka.

Inasimuliwa kwamba Charles Villiers Stanford, mwalimu katika Royal College of Music mjini London, aliwaambia wanafunzi wake kwamba baada ya kazi hiyo hakuna atakayeweza kuandika kwinteti ya klarineti bila kumwiga Brahms. Mwanafunzi mmoja aliyezaliwa mwaka 1875, Samuel Coleridge-Taylor, ambaye baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone, akaiandika mwaka 1895, katika F shapu maina. Nimeisikiliza nikimtafuta Brahms, na sikumwona. Midundo yake ni ya kijana, inadunda na kupishana, na sehemu ya pili, Larghetto, ina lahani ambayo ningemwekea mtu asiyewahi kusikiliza muziki wa klasiki hata siku moja, kabla ya kitu kingine chochote katika makala haya. Coleridge-Taylor alifariki mwaka 1912 akiwa na miaka 37, na inaniuma kwamba jina lake halitajwi mara nyingi zaidi. Kwinteti ya klarineti ya Mozart, ya mwaka 1789, ndiyo mzazi wa hizi zote mbili, na anayeipenda mojawapo aitafute.

Lakini wiki zangu huishia kwa Schubert. Sehemu ya mwisho ya kwinteti yake ni ngoma ya furaha, inayoongeza kasi mpaka inakaribia kupoteza mwelekeo, na msikilizaji anategemea imalizike kwa shangwe ya C meja. Ala zote tano zinafika kwenye C kwa nguvu zote, ila mbele ya C hiyo Schubert ameweka D fleti, jirani yake wa nusu hatua, ambayo haina haki ya kuwepo mahali hapo. Kwa muda mrefu niliisikia kama kosa la mpigaji. Siku nilipoifuata sello ya pili tangu Adagio hadi hapo bila kukatiza, nikagundua kwamba E meja na F maina, utulivu ule na dhoruba ile, navyo vimetenganishwa na nusu hatua.