Tulivyoanua matanga ya nyumba ya Tororo

Mtu akifiwa, sisi tunajua la kufanya. Majirani wanaleta viti, akina mama wanashika jiko, siku ya khitma inapangwa, na siku zikitimia tunaanua matanga, kila mtu anarudi kwake. Ukiuza nyumba ya wazazi hakuna anayekuja kukupa pole. Watu wanauliza bei. "Mmepata ngapi?" Ukiwatajia, wanakuambia hongera. Nilizipokea hongera nyingi mwaka huu huku koo limenikaba.

Baba alikuwa mtu wa reli. Aliajiriwa enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 wenzake wa Kenya wakarudi kwao, yeye akabaki Tororo, mashariki mwa Uganda, pale njia ya reli inapogawanyika, moja ikienda Jinja na Kampala, nyingine Mbale na kaskazini. Wengi walikaa kota. Yeye alisema kota ni ya kazi, kazi ikiisha huna pa kulala. Akachukua kiwanja cha lizi, yaani cha kukodi kwa miaka mingi, akajenga chumba baada ya chumba, kadiri mshahara ulivyoruhusu, ndiyo maana kwenda chumba cha wasichana ilibidi upite stoo. Yeye Mgwere, Mama Mnubi wa Bombo, na Kiswahili cha reli ndicho kilichowakutanisha. Ndani ya nyumba ile hatukusema lugha nyingine.

Sababu za kuuza zilikuwa wazi. Mama alipofariki hakuna aliyebaki kuishi pale. Kaka Mkubwa yuko Bweyogerere, karibu na Kampala, mdogo wetu wa kiume yuko Juba, sisi wasichana tumeolewa huku na huku. Bati lilikuwa linavuja, kodi ya kiwanja inadaiwa, mlinzi analipwa na mtu mmoja. Mama hakuacha wosia wowote kuhusu nyumba, na jambo hilo lilinitesa kuliko mengine. Angetukataza, tungejua. Angeturuhusu, tungejua. Shehe wetu ndiye aliyenipoza: alisema haki ya mrithi haizuiliwi kwa sababu ya kuta, na kama nina la kumfanyia Mama, nimwombee dua na nimtolee sadaka.

Karatasi zilichukua muda mrefu. Kwanza barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, kisha mahakama ikawapa Kaka na mimi usimamizi wa mirathi, kisha ofisi ya ardhi, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, na muhuri wake, mnunuzi naye na ushuru wake wa stempu wa asilimia 1.5. Mgawo tulifuata wa Qur'ani, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja, na hapo hapakuwa na ugomvi hata kidogo. Watu hudhani ndugu watagombania ardhi. Sisi tuligombana juu ya pasi ya makaa.

Pasi yenyewe mpini umeungua na bawaba imelegea. Dada yangu anayenifuata aliitaka, mdogo wa Juba naye akapiga simu kwamba Mama alimwahidi. Sauti zikapanda, maneno ya zamani yakafukuliwa, nani alimuuguza Mama na nani alituma pesa tu. Kaka alitaka kukata simu. Mimi nikawasikiliza na kuona kwamba hakuna hata mmoja mwenye haja ya kupiga nguo pasi. Kila mmoja alikuwa anatafuta ushahidi kwamba alipendwa. Tangu siku hiyo nikaacha kuamua nani ana haki, nikawa nauliza tu, "Unakumbuka nini ukiiona?" Dada akasema Mama alikuwa akipuliza makaa alfajiri ya Idi, na majivu yakirukia kanzu ya Baba wote wawili wanacheka. Mdogo wetu akanyamaza, halafu akasema, "Basi chukua wewe."

Siku ya kutoa vyombo ndiyo iliyonivunja. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji nyekundu, na Mama alikuwa akiyeyusha mishumaa kwenye mafuta ya taa, anapaka, anasugua kwa kipande cha gunia mpaka unajiona. Vijana walipoinua kabati, chini yake ilikuwa kijivu tupu, hakuna mkono uliowahi kufika. Pembeni, pale alipokuwa akitandika mkeka wa kuswali, wekundu ulikuwa umelika sehemu mbili, magoti mawili, karibukaribu. Nilipiga magoti palepale. Magoti yangu yakaingia sawasawa. Nililia kwa sauti, na vijana wa watu wakaweka kabati chini wakatoka nje kwa heshima.

Nikamwambia Kaka: hatukabidhi funguo kabla ya kufanya khitma humu ndani. Akasema khitma ya nani, Mama tulishamsomea. Nikasema hii ni ya kwetu, ya kuaga. Mnunuzi alikubali kusubiri, na ninamshukuru kwa hilo. Tulitandika mikeka kwenye vyumba vitupu, ikasomwa Yasini, pilau ikapikwa uani kwenye mafiga yaleyale. Majirani walikuja, Waislamu na Wakristo, na jirani yetu mzee wa Kipadhola akasimama akatupa pole. Ni yeye pekee aliyelitamka neno hilo. "Poleni, wanangu. Mimi nimefiwa na mlango wa kubisha usiku." Dada zangu waliangua kilio, na tukaachiana kulia, bila mtu kuambiwa ajikaze.

Kama uko mbioni kuuza nyumba ya wazazi, nakusihi, mfanye hivyo kabla pesa hazijaingia. Zikishaingia kila mtu anageukia mahesabu yake, na machozi yanabaki ndani yakitafuta pasi ya kugombania. Fungu langu nilikaa nalo benki bila kuligusa mpaka tulipochanga sote tukanunua tangi la maji kwa madrasa, kwa nia ya Baba na Mama. Baada ya hapo niliweza kulipa karo ya watoto kwa pesa ile bila kujihisi nimeiba.

Nasikia mnunuzi ameshavunja jiko la uani. Imeniuma, lakini ni lake. Kinachonisumbua sasa ni Idi, maana tulizoea kwenda Tororo bila kualikana. Tumekubaliana zamu: mwaka huu kwa Kaka Bweyogerere, mwakani kwangu, na mdogo wetu ameapa atakuja kutoka Juba hata kwa basi la usiku.