"Quite" ya Mwingereza na "quite" ya Mmarekani

Ndugu zetu wanaofika hapa Leeds kufanya kazi za kuwahudumia wazee huniuliza sana kuhusu kielezi kimoja kifupi, "quite", ambacho wengi wetu tulifundishwa shuleni kwa maana moja tu. Naona swali hilo ni la haki, kwa kuwa Kiswahili kimetutenganishia "kabisa" na "kiasi", ilhali Kiingereza kimeyabebesha yote mawili neno hilohilo.

Binti mmoja wa Tanga aliniletea karatasi ya tathmini yake, ambamo msimamizi alikuwa ameandika kwamba kumbukumbu zake za zamu ni "quite good". Picha ya karatasi hiyo alikuwa ameshamtumia mjomba wake aliyeko Houston, naye mjomba akamrudishia hongera tele, maana Mmarekani akisema hivyo kwa kawaida anasifu kwa dhati. Mwingereza akiandika maneno hayo kwenye tathmini, mara nyingi husema kwamba kazi inaridhisha ila haijafikia pale anapopataka. Tulipoendelea kusoma, sentensi iliyofuata ilianza na "but", ikimtaka aandike saa kamili ya kila dawa aliyotoa.

Hata hapa Uingereza kwenyewe, uzito wa neno hili hutegemea sifa inayolifuata. Likitangulia sifa yenye viwango, kama baridi au ughali, huwa na maana ya kiasi. Likitangulia sifa isiyo na nusu, kama "impossible" au "right", huwa na maana ya kabisa, kwa hiyo anayekuambia "you're quite right" amekuunga mkono bila kubakiza kitu. Sauti nayo ina kazi yake: mkazo ukiangukia "quite", sifa inapunguzwa, ukiangukia "good", sifa inapanda. Katika maandishi mkazo huo hausikiki, na ndiyo maana barua pepe za kazini zinatusumbua kuliko mazungumzo.

Wanaoichukulia maana ya "kabisa" kuwa ni ya pembeni wanaigeuza historia. Neno hili liliingia Kiingereza cha karne za kati kutoka Kifaransa cha kale, likiwa na asili ya Kilatini yenye maana ya kuachiliwa huru, kama mtu aliyelipa deni lake lote, na ni ndugu wa "quit". Ukamilifu ndio maana yake ya kwanza. Hii ya "kiasi" ilizuka karne nyingi baadaye, na Waingereza wakaizoea kuliko Wamarekani.

Kuna matumizi mengine yanayostahili kukaririwa jinsi yalivyo. "Not quite" ni bado kidogo. "Quite a few" ni wengi, ingawa ndani yake mna neno la uchache, kwa hiyo ukiambiwa kwamba "quite a few" ya wakazi wa nyumba ya wazee wanahitaji kusaidiwa kula, jiandae kwa kazi kubwa. Na wazee wenyewe, hasa waliosoma shule za zamani, hulitumia peke yake kama jibu. Mzee akikuambia "Quite" kisha akanyamaza, usimsubiri amalizie sentensi, kwani ameshakubaliana nawe.