Nilivyojiandaa kwa Mavazi ya Harusi ya Kigujarati

Kadi ya mwaliko ilinifikia mwanzoni mwa Desemba, nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili mjini Vadodara, katika jimbo la Gujarat nchini India. Aliyekuwa akiolewa ni mwanafunzi mwenzangu, na harusi ilipangwa kufanyika Ahmedabad, kiasi cha kilomita 110 kutoka tulipokuwa tukisoma, katika wiki ya mwisho ya Januari. Tarehe hiyo ilikuwa na sababu yake. Kwa desturi, Wahindu wa Gujarat hawafungi ndoa kuanzia katikati ya Desemba hadi sikukuu ya Uttarayan, tarehe 14 Januari, kwa hiyo majuma yanayofuata huwa na harusi nyingi mno na mafundi cherehani huzidiwa na kazi. Sikulijua hilo la mafundi, na nusura linikoseshe nguo.

Kadi ilitaja shughuli nne: kupakwa manjano na hina, usiku wa ngoma ya garba, ndoa yenyewe asubuhi, na karamu ya jioni. Mimi nimekulia Tanga, ambako harusi pia ina siku zake na kila siku ina nguo yake, lakini nilidhani kwamba mgeni aliyetoka mbali angesamehewa akivaa gauni moja zuri kwa shughuli zote. Nilipomuuliza mwenzangu, alisema kwa upole kwamba nivae ninachopenda. Sasa naelewa kwamba bibi harusi si mtu wa kuulizwa swali hilo, kwa sababu adabu haimruhusu kumpangia mgeni. Wa kuulizwa ni mama, shangazi au bibi wa nyumba.

Nilikwenda sokoni Mangal Bazaar peke yangu, nikapendezwa na sari moja ya hariri yenye rangi ya maziwa, pindo pana jekundu lililofumwa kwa zari, na vidoti vidogo vyekundu vya bandhani, ile kazi ya kufunga kitambaa mafundo madogomadogo kwa uzi kabla ya kukitia rangi. Ilikuwa ya kiasi na ya heshima, na niliona kwamba haiwezi kumuudhi yeyote. Nikailipia, nikaipeleka kwa fahari nyumbani kwa bibi yake mwenzangu, aliyekuwa akiishi hapo hapo Vadodara na ambaye watu wote wa ukoo humwita Ba. Ba alizaliwa Mwanza, akakulia huko hadi ujana wake, na Kiswahili chake bado kilikuwa chepesi ulimini.

"Shikamoo, Bibi," nilimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu tuione."

Aliikunjua juu ya mapaja yake, akapitisha kidole penye pindo, akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, umenunua nguo ya bibi harusi."

Sari nyeupe au ya rangi ya maziwa yenye pindo jekundu huitwa panetari, na katika harusi ya Kigujarati ndiyo anayoingia nayo bibi harusi kwenye mandapu, lile banda la nguzo nne lililopambwa kwa maua ambamo ndoa hufungwa mbele ya moto. Panetari huletwa na mjomba wake, yaani kaka wa mama, kama zawadi ya upande wa kukeni kwake. Upande wa bwana harusi nao huleta sari nyekundu iliyogawanywa miraba kwa nyuzi za zari, inayoitwa gharchola, na bibi harusi anapotandikwa hiyo juu ya panetari, kila aliyepo anaona kwa macho kwamba ametoka nyumba moja na kuingia nyingine. Ba alinieleza haya yote bila kunikaripia. Mimi nilikuwa nikitazama sari yangu na kufikiria jinsi ambavyo ningekaa safu ya mbele, kando ya mjomba yule, nikiwa nimevaa zawadi aliyomletea mpwa wake.

"Nyeupe tupu ni ya msiba," Ba aliendelea, "nyeusi wazee hawaipendi siku ya heri, na nyekundu mwachie yeye. Zilizobaki zote ni zako."

Kanuni hiyo niliiona ikifuatwa kwa namna ya ukarimu zaidi kuliko ilivyosikika. Siku ya ndoa wapo shangazi waliovaa rangi ya damu ya mzee, na hakuna aliyewanung'unikia, kwa kuwa wao ni wenye shughuli. Tena si kanuni ya India nzima. Katika jimbo la Kerala, kusini, sari nyeupe isiyokolea yenye ukingo wa dhahabu ni vazi la sikukuu na la harusini, na mgeni aliyeivaa huko amevaa sawasawa. Kwa hiyo anayealikwa aulize kwanza harusi ni ya watu wa jimbo gani na wa dini gani, kwa sababu hata harusi ya Masingasinga ndani ya gurdwara, nyumba yao ya ibada, ina sharti lake: wanawake kwa wanaume hufunika kichwa.

Duka halikukubali kurudisha fedha, ila lilikubali kubadilisha. Safari hii nilifuatana na mama mdogo wa bibi harusi, ambaye nami nilianza kumwita Masi kama walivyomwita wengine. Alinionyesha kwanza patola halisi ya mji wa Patan, ambayo nyuzi zake za urefu na za upana hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, kisha mfumaji huzilinganisha mstari kwa mstari mpaka michoro ikutane. Sari moja huchukua miezi mingi, na bei yake ilikuwa mbali sana na uwezo wangu wa mwanafunzi. Karibu yake kulikuwa na patola ya Rajkot, inayotiwa michoro kwenye nyuzi za upana peke yake na kwa hiyo kuuzwa nafuu zaidi. Nilichagua ya kijani cha tausi yenye pindo la zambarau, nikaongeza fedha kidogo, na hadi leo sijaijutia.

Hapo Masi akaniuliza kama fundi wa blauzi nimekwisha kumpata. Sari hushonewa blauzi yake kwa kipimo cha mwili, mara nyingi kwa kipande kinachofumwa mwishoni mwa sari yenyewe, na mafundi wawili wa kwanza walituambia kwamba hawapokei kazi mpya hadi Februari. Wa tatu alikubali kwa sababu Masi alikuwa mteja wake wa miaka mingi. Nilimwomba anishonee blauzi ya mikono mirefu, ndefu kiasi cha kupita kiunoni, kwa sababu mimi ni Mwislamu na sikutaka tumbo lionekane. Nilitarajia angenishangaa. Kumbe kwake lilikuwa ombi la kawaida kabisa, na alinionyesha picha tatu za mitindo ya namna hiyo.

Fundi huyo huyo alinifundisha mambo ambayo nisingeyajua. Gaguro la ndani liwe la pamba na la rangi inayokaribiana na sari, na kamba yake ikazwe kuliko mtu anavyodhani inafaa, kwa sababu mikunjo yote ya mbele huchomekwa hapo na hakuna kitu kingine kinachoishikilia. Upindo wa chini ushonewe ukanda wa pamba kwa ndani, ili kitambaa kiwe na uzito wa kushuka vizuri na kisichanwe na visigino. Viatu vichaguliwe kabla ya sari kuvaliwa, kwa kuwa urefu wa chini hupimwa kwa viatu vitakavyovaliwa, lakini viwe vya kuvulika bila kufungua vifungo, kwa sababu anayekaribia mandapu huvua viatu.

Nilifanya mazoezi jioni tatu chumbani: kukaa chini, kuinuka, kupanda ngazi, kuchota chakula. Jioni ya kwanza mikunjo ilinifumuka yote. Ya tatu nilipanda ghorofa mbili na kushuka nikiwa nimeshika mikunjo kidogo kwa mkono wa kulia, kama nilivyoona wakifanya wanawake barabarani.

Mwenzetu mwingine kutoka Morogoro alikuwa amealikwa pia, naye alitaka kuvaa kanzu yake nyeupe aliyoipenda sana. Ba aliitazama, akasema kwamba nguo nzuri hiyo, ikivaliwa peke yake huku Gujarat, inafanana na ya waendao mazikoni. Lakini hakumkataza. Alimwambia atafute kizibao cha rangi, na siku ya ndoa akaja na kizibao cha zambarau juu ya kanzu ile, akafungwa na kilemba cha rangi ya waridi pamoja na wanaume wa upande wa bibi harusi. Kama hana kanzu, mwanamume anatosheka na kurta, lile shati refu la Kihindi, na suruali yake. Koti refu la sherwani lililojaa nakshi heri amwachie bwana harusi na ndugu zake.

Siku ya manjano nilivaa kurta ya pamba ya rangi ya manjano, ya bei ndogo, na nilifanya vema. Katika Kiswahili rangi hiyo na kiungo hicho vina jina moja, na siku ile nilielewa ni kwa nini, maana bibi harusi alipomaliza kupakwa, binamu zake walitupaka na sisi, na doa lile halikutoka tena. Kwa usiku wa garba niliazimwa chaniya, sketi pana iliyoshonewa vioo vidogo, ambayo hufunguka kama mwavuli mchezaji anapogeuka. Wanawake walinibania mtandio begani na kiunoni kwa pini nyingi, kwa sababu garba huchezwa kwa duara, watu wakipiga makofi na kugeuka, na mtandio usiobanwa huwakamata wachezaji wenzako. Januari usiku Ahmedabad kuna baridi, na sherehe ilikuwa uwanjani. Shali ningeisahau kama Masi asingenitumia ujumbe.

Jambo lililonigusa zaidi lilitokea asubuhi ya ndoa. Nilikuwa nimepanga kuvaa hereni ndogo tu, nikiamini kwamba mgeni hapaswi kung'aa. Masi alinitazama kuanzia juu hadi chini, akaenda chumbani, akarudi na bangili kumi na mbili za kioo na mkufu mpana. Alisema kwamba kwao mgeni aliyevaa hafifu ndiye anayewatia watu wasiwasi, kwa kuwa inaonekana kana kwamba hakufurahi pamoja na wenye harusi. Naamini ni kweli kwa sababu nilishuhudia: hapakuwa na mtu mle ukumbini aliyevaa zaidi ya ilivyofaa, labda mimi kabla ya zile bangili nilikuwa nimevaa pungufu. Kidoti cha kipajini niliomba nisiwekewe, na hakuna aliyeniuliza sababu. Asumini za nywele nilizipokea kwa furaha, maana zilinikumbusha vikuba vya kwetu.

Ba mwenyewe ndiye aliyenivika. Alinivalisha kwa mtindo wa Kigujarati, ambao ncha ya sari, iitwayo palu, hutoka mgongoni na kupita juu ya bega la kulia, ikatandazwa kifuani ili kazi yote ya mfumaji ionekane mbele, tofauti na mtindo uliozoeleka zaidi ambao hupitia bega la kushoto na kuning'inia nyuma. Kisha akainua sehemu ya palu na kunifunika kichwa, kama alivyojifunika yeye na wazee wengine. Nilikaa safu ya pili saa zote zile, nikaona panetari ikiingia, nikaona gharchola ikitandikwa, na nikamwona mjomba akifuta macho.

Kwa karamu ya jioni nilivaa gauni la kitenge nililoshonewa Tanga, kwa ruhusa ya Ba, aliyesema kwamba usiku huo kila mgeni alete cha kwao. Alilishika kitambaa chake kwa muda mrefu akiuliza bei za siku hizi.

Sari ya Rajkot ninayo mpaka sasa. Haitundikwi kwenye hanga. Nimeifunga kwa kitambaa cheupe cha pamba, na kila baada ya miezi michache naitoa, naipunga hewa kivulini, na kuikunja upya kwa mikunjo mingine, kama Ba alivyonielekeza, ili zari isikatike mahali pamoja.