Kitabu Hakimkabi Mtu

Nilikabwa mwezi Juni mwaka 2017, majira ya saa mbili usiku, katika uchochoro wa Sinza ambao nilikuwa nimeupita karibu kila siku kwa miaka minne. Aliyenikaba alitokea nyuma akanipiga roba kwa mkono wa kulia, na mwenzake akanipekua mifukoni kwa utulivu wa mtu anayetafuta funguo zake mwenyewe. Waliondoka na simu yangu pamoja na shilingi 35,000. Sidhani kama tukio lote lilifika nusu dakika, na muda wote huo sikufanya lolote isipokuwa kuung'ang'ania ule mkono kama abiria aliyening'inia mlangoni mwa daladala.

Kilichoniuma kuliko simu ni kwamba dawa ya kabali nilikuwa naijua. Tangu nikiwa sekondari nilikuwa nikinunua vitabu vya judo na karate kwa wale wauzaji wa vitabu vya mitumba waliokuwa wakipanga bidhaa zao kando ya barabara ya Samora, na ukurasa wa kujinasua kwenye kabali nilikuwa nimeukariri: picha nne zisizo na rangi, mshambuliaji akiwa amevaa suti, na chini ya kila picha maelezo ya mistari miwili. Ningeulizwa kwenye mtihani ningepata alama zote.

Baada ya mwezi mmoja nilijiunga na darasa la judo. Mwalimu wetu, mtu mzima wa makamo asiyependa maneno mengi, alitufundisha kuanguka kwa wiki tatu mfululizo bila kutugusisha jambo jingine. Unakunja kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, unaviringisha mgongo, na mkono mzima kuanzia kiganja hadi kwapani unaupiga kwenye mkeka mara tu mgongo unapotua, ili kishindo kigawanyike. Niliona kama napotezewa muda. Leo ningelazimika kuchagua jambo moja tu la kubaki nalo kutoka darasa lile, ningechagua hilo, kwa sababu sijapata kukabwa tena, lakini nimekwisha kuteleza kwenye ngazi zenye maji na kudondoka kutoka kwenye bodaboda, na mara zote mbili niliinuka nikiwa na michubuko tu.

Siku tulipofika kwenye kabali, kiherehere kilinipanda nikamweleza mwalimu kwamba hiyo naifahamu. Akasimama nyuma yangu, akanizungushia mkono shingoni, akaniambia, "Haya, mdogo wangu, tuoneshe." Nilianza na picha ya kwanza, na kabla sijaifikia ya pili alikuwa amenivuta nyuma hadi visigino vikaelea, nikawa natapatapa kama kuku. Aliponiachia aliuliza kwa upole kama kitabu changu kilisema kwamba mkabaji atasimama kuningoja.

Maelezo ya kitabu, kwa kweli, hayakuwa na kosa. Kabali ikikaa sawasawa hubana mishipa ya damu iliyo pande mbili za shingo, na mtu anaweza kuzimia katika sekunde kumi hivi, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuiokoa shingo, na kupiga kunakuja baadaye. Unaingiza kidevu kuelekea kwenye kiwiko cha mkabaji, mahali penye upenyo, unauburuta mkono wake hadi kifuani kwa mikono yako yote miwili, na papo hapo unashusha nyonga ili uzito wako wote uuning'inie mkono huo. Yote hayo yalikuwa ukurasani. Ambayo hayakuwapo ni jasho linalofanya mkono uteleze, na lile pengo kati ya picha ya kwanza na ya pili, ambamo mkabaji naye anafanya jambo lake. Ilinichukua miezi miwili ya kukabwa na wenzangu, wengine wakiwa na mikono kama mihimili, ndipo kidevu kikaanza kushuka chenyewe kabla sijafikiri.

Ndipo nilipoelewa uamuzi wa Jigoro Kano, mwasisi wa judo, aliyeanzisha shule yake ya Kodokan jijini Tokyo mwaka 1882. Alizichambua mbinu za jujutsu, sanaa ya zamani ya mapigano ya Kijapani, na zile za hatari zaidi hakuziruhusu kwenye mazoezi ya kupambana huru, yaitwayo randori, bali aliziacha katika mazoezi ya kupangwa. Nilipokuwa nikisoma tu, hilo nililiona kama kuupunguza makali mchezo wenyewe. Mkekani nimeona kwamba mbinu ambayo huwezi kumfanyia mwenzako kwa nguvu zote bila kumpeleka hospitali ni mbinu ambayo hutaizoea kamwe; kumpiga mtu ngwara kwa nguvu zote, kinyume chake, naweza kila Jumanne na Alhamisi.

Vitabu sijavitupa. Nakiheshimu kile cha William Fairbairn, aliyekuwa afisa wa polisi mjini Shanghai kabla ya kufundisha makomando wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kitabu chake cha mwaka 1942 kina mbinu chache na za kikatili, na uchache huo naupenda, kwa kuwa mikono inayotetemeka haiwezi kazi ya kushona. Lakini aliwaandikia askari walio vitani. Mimi naishi chini ya Kanuni za Adhabu za Tanzania, ambazo zinanipa haki ya kujitetea kwa nguvu ya kadiri inayohitajika, na zinanibebesha mzigo wa kosa nikizidisha. Kibaka aliyekwisha kuniachia na kukimbia si wa kufuatwa na kuvunjwa mkono, hata kama ukurasa unaofuata unaonesha namna ya kuuvunja.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kike, anayetoka kazini usiku, aliniomba nimwazime vitabu hivyo. Nilimpa, kisha tukatandika godoro kuukuu uani tukaanza na kuanguka. Bado anatanguliza kiwiko, na kila akijigonga ananiuliza kabali tutaanza lini.