Usiku Theluji Ilipoulalia Uzio wa Paka

Uzio wetu ulikuwa wa mbao, urefu wake karibu mita mbili, na juu yake tulifunga vyuma vilivyoinamia ndani kwa nyuzi 45, vimebeba wavu wa plastiki. Paka akipanda mbao hukuta wavu umemfunika juu, unanesa, hana pa kukamata, basi hushuka. Paka wetu Chausiku alijaribu kila kona kiangazi kizima kisha akakata tamaa, au akajifanya amekata tamaa; paka humjui.

Theluji ya mwanzo wa msimu haikutusumbua. Ilikuwa kavu, ya ungaunga, ikipita kwenye matundu na kumwagika chini. Usiku ninaousema joto lilikuwa limepanda hadi karibu na sifuri, na theluji ikaja kwa mapande makubwa yaliyojaa maji. Hiyo hunata. Hushika uzi wa wavu, ikajijenga ukingoni mwa tundu mpaka kingo zikutane na tundu lizibe. Hapo wavu umekwisha kuwa paa, na lolote linaloanguka linabaki juu yake. Theluji mbichi ya kina cha sentimita 20 tu inaweza kufika kilo 40 kwa kila mita ya mraba, na vyuma vyetu havikuwekwa kubeba mzigo, viliwekwa kumzuia paka.

Tulikuwa tumeshalala niliposikia kitu kikikatika nje. Kisha kingine.

"Baba Neema, amka, uzio unalia."

"Uache ulie, tutauona asubuhi."

Kikakatika cha tatu, akaamka mwenyewe. Zilikuwa zile kamba za plastiki za kubana. Baridi huzifanya ngumu na kavu, zikivutwa zinakatika badala ya kutanuka. Tukatoka na ufagio wa mpini mrefu na koleo. Yeye alitaka kuivuta theluji kwa reki kutoka juu. Nilimkatalia, maana meno ya reki yangeshika wavu na kuushusha pamoja na mzigo wake. Nikaugonga kwa chini, taratibu, kwa kichwa cha ufagio, huku nimesimama pembeni. Nagonga kidogo upande huu wa nguzo, nahamia wa pili, ili nguzo isielemewe upande mmoja. Bonge zima lilimwangukia Baba Neema shingoni. Maneno aliyoyasema nayaacha hukohuko bustanini.

Kona ya nyuma ilikuwa imezidiwa. Vyuma vyake vimepinda, na nguzo imeanza kulala. Tungeendelea kugonga tungepoteza nguzo, na nguzo ndiyo ghali kuirudisha, wavu hununuliwa upya. Nikachukua mkasi nikakata kamba zilizobaki upande ule. Wavu ukaporomoka na theluji yake, nguzo ikatikisika, ikabaki imesimama.

Nilidhani tumemaliza, mpaka niliposogea kwenye mbao na kuziona zikinifika kifuani. Theluji yote tuliyoiangusha ilikuwa imerundikana chini ya uzio na kuinua ardhi. Paka angepanda rundo lile kama ngazi na kuruka bila jasho. Ikabidi tuisogeze kwa koleo hatua nzuri kutoka kwenye uzio, kazi iliyotuchosha kuliko ile ya wavu. Chausiku alikuwa dirishani muda wote, akifuatilia kila koleo kwa makini ya msimamizi.

Theluji ilipoyeyuka tulinyoosha vyuma, tukaondoa kamba za plastiki na kufunga kwa waya laini. Kubwa zaidi, Baba Neema alivitia vyuma bawaba na pini. Ikitabiriwa theluji ya majimaji tunachomoa pini, wavu unalala ubavuni mwa uzio, na theluji inaanguka inakotaka. Siku hizo bustani haimzuii paka yeyote, kwa hiyo Chausiku hafunguliwi mlango. Huketi kizingitini akilalamika, na Baba Neema, aliyetengeneza bawaba kwa mikono yake, ndiye wa kwanza kumwonea huruma na kuniuliza kama kweli utabiri ni wa kuaminika.